Naombeni ushauri: mdogo wangu ana miaka 17 na mtoto wa miezi minne, nataka simu imsaidie kutulia

Dada_Kihonda
Habari za usiku wanajamvi. Naombeni ushauri, na tafadhali msinitukane, nimeshachoka vya kutosha.

Mdogo wangu wa kike alipata mimba akiwa kidato cha pili. Amejifungua salama, mtoto ana miezi minne. Yuko kwa mama Morogoro, mimi niko Dar kikazi. Mtoto akilia usiku, naye anaanza kulia. Akisemeshwa anang'aka. Juzi alimlaza mtoto, akatoka akakaa chini ya mwembe mpaka mama alipomfuata.

Nasikia kuna programu za simu zinazofundisha kupumua taratibu, unaandika siku yako ilivyokwenda, halafu zinakutumia maneno ya kutia moyo. Kwa sasa anaazima simu ya mama. Nina laki mbili. Ninunue simu gani, na programu ipi ya Kiswahili?

Fundi_Msimbazi
Kwa laki mbili achana na mitumba ya mezani. Tafuta yenye betri ya 5000, maana huko umeme ukikatika ndiyo basi. Programu nyingi za kupumua ni za Kiingereza na zinakula bando. Ushauri wangu: rekodi sauti yako mwenyewe dakika tatu, "vuta pumzi, hesabu mpaka nne, iachie polepole", iweke kwenye memori kadi. Usiku wa manane haihitaji intaneti, na sauti ya dada yake anaijua.

Baba_Kauthar
Kidato cha pili! Simu ndiyo iliyomfikisha hapo, leo mnamwongezea simu. Zamani mzazi alikandwa na kulelewa arobaini nzima, hakuna aliyehitaji programu. Na huyo mwanamume yuko wapi? Tangu 2016 sheria inasema miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi. Anzeni polisi.

Binti_Pangani
Mimi nilijiunga na Wazazi Nipendeni, zile jumbe fupi zilizoanza 2012. Ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, hata kwa kitochi. Zilinisaidia sana kukumbuka kliniki. Lakini zilikuwa za mimba na mtoto. Kilio cha usiku ni jambo jingine.

Mama_Wawili
Baba Kauthar, kukandwa nilikandwa, na bado nilikuwa namtazama mwanangu kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshike.

Ilikuwa 2009, Muheza, nina miaka 16. Shule imeisha, baba hanisemeshi. Nilikuwa na kitochi chenye ufa. Shangazi yangu Korogwe hakuwa na hela ya salio, tukakubaliana kubipu. Akibipu mara moja ni "niko macho, nipo nawe". Mimi nikibipu mara mbili ni "nimeelemewa", basi ataazima salio popote anipigie. Kuna usiku alinipigia akakaa kimya tu, tunasikilizana tunavyopumua mpaka mtoto akalala. Nasimulia leo mikono inatetemeka.

Nesi_Mstaafu
Dada wa Kihonda, nimefanya kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, niruhusu swali moja. Wewe uko Dar. Nani anakwambia yanayompitia usiku?

Dada_Kihonda
Mama ananiambia. Ila wakuu, swali langu lilikuwa simu.

Nesi_Mstaafu
Mama amesema chochote kuhusu binti kutaka kufa au kutamani asingekuwepo? Nijibu hilo kwanza mwanangu, simu tutaizungumza baadaye.

Dada_Kihonda
Haya.

Nilipokwenda nyumbani mwezi jana niliweka programu ya shajara kwenye simu ya mama, nikaiunganisha na akaunti yangu. Mdogo wangu hajui. Kila anachoandika nakisoma. Jumapili aliandika: "Natamani nilale nisiamke, mtoto abaki na mama."

Najua mtasema nimemchungulia. Ningejuaje sasa? Ana kwa ana hasemi kitu. Na nimeshatuma nauli, Jumamosi anakwenda Handeni kwa bibi apumzike mwezi mmoja, mtoto abaki na mama kwa maziwa ya kopo. Simu mpya ni ili niendelee kusoma akiwa kule. Nilitaka kumlinda.

Shahidi_Mkavu
Hii chai. Mwanzo anaazima simu, sasa ana shajara humo humo na mama haioni? Mtoto wa miezi minne unamwachisha ziwa kwa nauli ya basi? Kuna mtu anatunga hadithi humu.

Mzee_wa_Toroli
Mimi nimeshaleta maandazi.

Baba_Kauthar
Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Binti wa Kitanzania wa kuandika shajara?

Dada_Kihonda
Mama hasomi vizuri, simu nilimpa mimi, yeye anajua kupokea na kupiga tu. Sina cha kuwathibitishia zaidi ya hapo.

Nesi_Mstaafu
Mnaona ajabu gani? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Baadhi yao nimewapokea mimi. Tuna dodoso la Edinburgh la kupima sonona baada ya kujifungua, la tangu 1987, maswali kumi. La mwisho linauliza kama mama amewaza kujidhuru. Akijibu ndiyo kwa hilo moja, hatusubiri kujumlisha alama. Mdogo wako ameshalijibu.

Dada, mpigie mama sasa hivi. Alale chumba kimoja na binti, dawa za panya na vidonge vyote viondoke ndani ya nyumba. Kesho hospitali, na aende na mtoto wake. Handeni futa: kumtenga na mwanawe na kumpeleka mbali na wanaomjua si mapumziko. Ana miaka 17, kwa hiyo hata 116, simu ya msaada kwa watoto, ni haki yake, ni bure mtandao wowote. Na muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Dada_Kihonda
Nikimwambia nimesoma ataacha kuandika. Nitabaki gizani.

Mama_Wawili
Aache. Akija kugundua mwenyewe, hata sauti yako kwenye memori kadi hataisikiliza. Mwambie, muombe msamaha, kisha mpe njia anayoishika yeye mwenyewe.

Fundi_Msimbazi
Na tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule. Mwambieni na hilo, labda hajui.

Dada_Kihonda
Nimempigia mama, wamehamia chumba kimoja, na vidonge amempa jirani. Binti akapewa simu. Nikamwambia nimesoma. Nikamuuliza kama Nesi alivyosema. Akanyamaza, akasema "ndiyo, wakati mwingine", akakata. Nimemtumia ujumbe: usiponitaka nitaelewa, ila ukielemewa bipu mara mbili. Nimeshamwambia bosi, napanda basi la alfajiri.

Mama_Wawili
Kaa na simu mkononi.

Dada_Kihonda
Saa saba na robo. Amebipu mara mbili. Nampigia.