Mwanangu wa fomu tu (kidato cha pili) anaonewa shuleni wanamwita shoga, na aliponiambia mimi nikamuuliza swali baya. Naombeni ushauri

Baba_wa_Trela

Wakuu salamu kwenu. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine napitiliza Kampala, kwa mwezi nalala kwangu siku saba nane hivi. Nalitaja mapema mjue kwanini hili jambo limenipita muda wote huu.

Kijana wangu ana miaka 15, yuko fomu tu shule ya bweni ya wavulana, jina la shule silitaji. Juzi walifunga mapumziko ya katikati ya muhula, mimi nilikuwa nashuka na gari tupu nikamwambia anisubiri Voi nimbebe. Alipopanda nikaona amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Nikadhani ni chakula cha shule tu. Tumetoka Voi hatuongei, tumepita Maungu, tumepita Mackinnon, alafu karibu na Taru akaniuliza bila kunitazama, baba naweza kuhamia shule ya kutwa.

Nikamuuliza kwani kuna nini, ndo akaanza. Kwamba tangu fomu wani walimpa jina kwa sababu ya sauti yake na vile anatembea, na alikuwa kwenye klabu ya muziki anaimba sauti ya juu. Jina lenyewe mnalijua. Mezani hakuna anayekaa karibu naye, kijiko chake wamekitoboa tundu ili kisichanganywe na vya wengine. Godoro linamwagiwa maji usiku alafu asubuhi wanasema amekojoa. Bafuni wakimwona wanapiga kelele wote wanatoka mbio, kwa hiyo yeye anaamka saa tisa usiku aoge peke yake gizani. Likizo nayo si likizo, kuna grupu la darasa la WhatsApp wamemtengenezea stika za picha yake. Klabu ya muziki ameacha. Alikuwa anapata B plasi, muhula uliopita D plasi, na mimi kwa D plasi ile nilimchapa maneno ya wiki nzima kwenye simu.

Sasa wakuu sikilizeni nilichofanya. Baada ya kuskia yote hayo, neno la kwanza lililonitoka mdomoni ni "kwani ni kweli?" Akageuza uso dirishani. Mpaka Miritini hakutoa neno tena.

Nyumbani nikakuta mama yake anajua tangu mwezi wa pili. Kwanini hukuniambia? Akasema wewe siku ile ya habari kwenye TV ulisema mbele ya watoto kwamba wako akiwa hivyo utamfukuza na humjui, ningekuambiaje. Mimi hata sikumbuki nikisema. Mtoto anakumbuka.

Nimempigia dipyuti prinsipali, jibu lake ni kijana ajikaze kiume wenzake wataacha wenyewe. Hapa nyumbani hali chakula, tumbo linamuuma kila siku, na hata hapa kwetu anaamka saa tisa kuoga. Leo nimemkuta amempa binamu yake buti zake za mpira, zile alizonililia mwaka mzima, anasema yeye hazihitaji.

Shule inafunguliwa Jumatano. Nimhamishe? Niende huko nikawashe moto? Nimpeleke kwa nani? Na lile swali langu nitalirudishaje mdomoni.

---

nesi_wa_zamu

Baba, weka mengine yote pembeni kwanza. Hiyo ya buti ndo imenishtua. Mtoto amekonda, halali vizuri, ameacha alichokipenda, sasa anagawa kitu alichokililia mwaka mzima na anasema hakihitaji. Inawezekana ni buti tu, lakini usisubiri ujue. Kaa naye leo leo, muulize kwa maneno yaliyo wazi, "mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wengi wanaogopa wakidhani ndo watamtia wazo kichwani, si kweli, kuuliza hakumpandikizi, kunampa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndio usipige kelele usilie juu yake, sema asante kwa kuniambia, na asiachwe peke yake. Dawa ya panya, vidonge, kamba za gari lako, vyote viondoke nyumbani usiku huu. Alafu kesho asubuhi hospitali ya Coast General au ya Port Reitz hapo Mombasa, ulizia kliniki ya afya ya akili. Ukiona hali ni mbaya usiku usisubiri kesho, nenda emajensi.

Na kama kuna mtu atakutisha habari za polisi, mwezi wa kwanza 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba. Nimeona familia zikificha mgonjwa kwa kuogopa kifungu hicho.

Tumbo nalo linauma kweli, msimwambie anajifanya. Hofu ya kila siku inakaa tumboni.

---

Mzee_Kifaru

Hapa tatizo ni malezi, baba yuko barabarani mtoto kalelewa na wanawake. Mtoe huko mpeleke kwa maombi alafu umfundishe kazi za jua, hilo ni gonjwa linatibika mapema.

---

nesi_wa_zamu

Mzee wangu kwa heshima, Shirika la Afya Duniani lilitoa jambo hilo kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Na hapa hakuna aliyesema mtoto ni nani. Kilichosemwa ni kwamba mtoto hali, halali, na anagawa vitu vyake.

---

kimya_kingi

Nimesoma huu uzi nimeufunga nikaufungua tena mara tatu. Sijawahi kuandika haya mahali popote.

Nina miaka 31 sasa. Mimi nilipewa jina hilo hilo wiki ya pili ya fomu wani na nikalibeba miaka minne. Mambo ya kijiko nayajua, kwetu ilikuwa sahani. Watu wananiuliza mbona hukusema, na jibu langu ni kwamba nisingeweza kushtaki bila kulitamka lile neno kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukiibiwa blanketi unasema mwalimu nimeibiwa blanketi. Sasa hili unasemaje? Mwalimu, wananiita hivi. Na yeye anakutazama kuanzia juu mpaka chini, unaona kabisa anapima kama linakufaa, alafu anauliza lile swali lako baba. Kwa hiyo kuomba msaada kunageuka kuwa kama kukiri kosa. Nilikuwa pia nimeskia kuna kifungu cha sheria, cha 162, cha mapenzi kinyume na maumbile, miaka 14 jela, na kwa akili ya mtoto nikaamini nikienda kusema nimepigwa kwa sababu ya jina hilo nitafungwa mimi. Kwa hiyo nilinyamaza. Fomu thrii nilikunywa vidonge vya nyanya yangu vya presha, nikaokolewa, nikawaambia nilikosea nikidhani ni panado, na kila mtu akakubali haraka sana.

Nilishamaliza shule zamani lakini nakumbuka mwisho wa 2021 waziri wa elimu wa wakati ule, Magoha, aliposema wanafunzi mashoga na wasagaji waende shule za kutwa karibu na kwao. Nilikuwa kwenye matatu, redio inaongea, watu wanakubali kwa vichwa. Mimi nikawaza yule mtoto mmoja aliyekuwa anajipanga Jumatatu amwambie mwalimu, sasa ndo amemeza tena.

Kilichonisaidia mimi baadaye ni mamangu mdogo. Siku moja tunachambua mchicha akasema, "sijui wanakuita nini huko na sitaki kujua, mimi nakujua wewe." Basi. Hakuniuliza kitu. Nililia mpaka nikatapika.

Baba, wewe mwanao amekuambia. Alisafiri kutoka Voi hadi Taru akijipanga. Bado una nafasi, rudi kwake.

---

Mwl_Nasaha

Mimi ni mwalimu, miaka 9 niko kwenye ushauri nasaha, niseme ukweli wa ndani. Shule nyingi kaunsela ni mwalimu kama wengine, nina vipindi vyangu 27 kwa wiki, ofisi yangu ni kona ya stafurumu, mtoto akiingia kila mtu ameona na jioni ni stori mpya dom nzima. Alafu walimu wenyewe wanaogopa, wanahisi wakimtetea mtoto wa namna hii wataonekana wanaunga mkono kitu. Kwa hiyo wanasema ajikaze. Nimeshalisema mimi pia, mwaka wangu wa kwanza, na yule kijana alihama katikati ya muhula sikumwona tena. Linaniuma mpaka leo.

Sasa ya kufanya. Usipige simu, simu haiachi alama. Andika barua kwa prinsipali, nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya shule na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Eleza matendo tu, maji kwenye godoro, kijiko, bafu, stika, na tarehe kama anazikumbuka. Skrinshoti za lile grupu zihifadhi kabla hazijafutwa. Taja kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au kudhalilishwa, mwilini au kiakili, na kina adhabu yake, faini hadi laki moja au kifungo hadi miezi sita. Ukitaja kifungu, utashangaa vile sauti ya dipyuti inabadilika.

Na kwenye hiyo barua usiandike mtoto wako ni nani au si nani. Usiandike hata "mwanangu si hivyo". Ukishaanza kumtetea hivyo umekubali kwamba angekuwa hivyo wangekuwa na haki ya kumtoboa kijiko. Wakikuuliza ofisini, wajibu umekuja kwa ajili ya maji kwenye godoro. Lile la 162 linahusu vitendo, si mtoto kuitwa jina, hakuna anayefungwa kwa kuja kusema ameonewa.

Kingine, wakatalie wasiitishe paredi kulizungumza. Nimeshaona wakifanya hivyo, mtoto anabaki kama maonyesho.

Kuhama, muulize yeye. Wengine kuhama kunawaokoa, lakini jina linasafiri kwa simu kabla ya boksi lake halijafika. Akitaka kutwa na uwezo upo, mpe. Jumatano asirudi, wiki mbili za masomo zinafidika.

---

mama_Tanga

Niko Tanga lakini nawasoma kila siku. Shemeji pole sana. Namba ya 116 ya watoto iko kwenu Kenya na kwetu Tanzania pia, kupiga ni bure, na kijana mwenyewe anaweza kupiga bila kukuambia, mwachie tu simu na umwambie namba ipo. Wangu wa kike alipiga kwa jambo lingine, alisema kilichomfaa ni kwamba yule mtu hamjui baba yake wala shangazi yake.

Na mkeo usimlaumu. Alikuwa anamlinda mtoto kwa jinsi alivyoweza.

---

Ust_Bakari

Nafundisha madrasa. Mzee Kifaru ametaja maombi, na mimi dua sizikatai hata siku moja, lakini dini yangu ina hukumu yake na sijaificha, na dini hiyo hiyo kwenye Suratul Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, haikusema isipokuwa fulani. Na kumsingizia mtu uchafu bila ushahidi ni dhambi kubwa. Watoto wanaofanya haya wametoka nyumbani kwetu, wamejifunza kwetu. Mimi mwenyewe nimewahi kucheka darasani mtoto mmoja alipoigwa sauti. Baba, ukimleta kwangu sitamuuliza kitu, atasoma kama wenzake.

---

Baba_wa_Trela

Nimerudi. Asanteni, nimesoma zote, nyingine nilimsomea mama yake.

Ile siku nesi ulipoandika niliondoa kila kitu, hata kamba za kufungia turubai nikazipeleka kwa jirani. Nilishindwa kumkabili uso kwa uso nikamwambia twende tukaoshe gari. Tukiwa tunaosha matairi, kila mmoja upande wake, nikamuuliza kama ulivyoniambia. Akanyamaza sana. Akasema ndio, tangu Januari, na alishapanga. Wakuu mimi nimeona ajali nyingi barabarani, sijawahi kuishiwa nguvu miguuni vile. Nikamwambia asante kwa kuniambia. Alafu nikamwambia lile swali nililokuuliza barabarani nalifuta, sitaki jibu, na yale ya TV nilikosea, hapa ni kwenu uwe nani.

Hakujibu. Akaendelea kuosha tairi lile lile, limeshang'aa kabisa.

Tulienda hospitali asubuhi yake, kuna mama mmoja kaunsela pale alikaa naye peke yake saa nzima na mimi nje, atakuwa anaenda kila Alhamisi. Trip ya Malaba nimemwachia mwenzangu, tajiri amenuna lakini amekubali. Jumatano hakurudi. Barua nimeiandika kama mwalimu alivyosema na kifungu chake, Jumatatu naipeleka kwa mkono wangu na nisainiwe nakala. Kuhusu kuhama amesema anataka kutwa, nimepata nafasi moja huku Changamwe, tunaenda kuiona pamoja kwanza.

Binamu yake amezirudisha buti mwenyewe bila kuambiwa, ameziacha mlangoni. Hajazivaa bado.

---

kimya_kingi

Analala?

---

Baba_wa_Trela

Kidogo kidogo. Jana ameoga saa moja jioni, maji ya moto, mama yake alimchemshia. Saa tisa usiku niliamka mimi kwa mazoea kusikiliza, nikakuta kimya, nikaenda kuchungulia, amelala.

---

kimya_kingi

Sawa baba. Alhamisi utuambie.