Mrejesho: Niliyetaka kuacha uhasibu baada ya miezi mitatu

Wakuu, niliwauliza kama niache kazi, maana kila tulipofunga hesabu za mwezi nilikuwa silali kwa hofu ya kukosea. Wengi mlisema nimweleze msimamizi wangu ukweli. Nimemweleza.

Hakunigombeza. Alikaa nami kwenye usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki) ulionishinda siku mbili, tofauti ya 180. Akasema: inagawanyika kwa 9, hiyo mara nyingi ni dalili ya tarakimu mbili kubadilishana nafasi, zitafute. Kweli, 1,530 nilikuwa nimeiandika 1,350! Chuoni sikuwahi kufundishwa hilo, nilikaribia kulia.

Mitihani ya kitaaluma bado inanitisha, sijui nitasoma saa ngapi. Ila kazi siachi. Asanteni sana, hasa aliyesema naye alianza hivihivi.