Mteja wa mbao hajanilipa milioni 46 na mkataba unataja usuluhishi. Niende mahakamani?

Mpasuaji wa Mafinga:
Kamwene ndugu zangu. Nina mashine ya kupasua mbao hapa Mafinga. Mwaka 2023 nilisaini mkataba na kampuni moja ya ujenzi ya Mbeya, niwapelekee mbao za kuezekea, mbili kwa nne na mbili kwa sita, walipe ndani ya siku 30 kila mzigo ukishapokelewa. Mizigo ya mwanzo walilipa vizuri. Ya mwisho, iliyoshuka Novemba 2023, imebaki na deni la shilingi milioni 46. Mwanzoni walisema wanasubiri fedha za mradi. Sasa wimbo umekuwa kwamba mbao zilikuwa mbichi, zikapinda. Mtu wao wa stoo alizihesabu mwenyewe, akasaini na kugonga muhuri kila hati ya kupokelea mzigo, wala hakuandika kasoro yoyote.

Nataka kufungua kesi, lakini kifungu cha 14 cha mkataba kinasema mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi. Kifungu hicho kinanifunga, au naweza kukiruka? Vijana wa mashine nimewalipa kwa kukopa, nimechoka kweli.

Kaka wa Mwanjelwa:
Pole sana bosi. Peleka polisi, wakilala ndani siku moja hela itapatikana.

Karani Mstaafu, Iringa:
Hapana, mdogo wangu wa Mwanjelwa, usimpeleke mwenzio huko. Deni la mkataba ni madai, si jinai. Polisi si wakusanya madeni, na yeye mwenye haki anaweza kujikuta anajibu tuhuma.

Ndugu wa Mafinga, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, nikipokea hati za madai na kupanga majalada, kwa hiyo nakuambia nilichokuwa nakiona. Kifungu cha 14 kinakufunga. Chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, ukifungua kesi, mdaiwa anaruhusiwa kuiomba mahakama isimamishe shauri ili mwende kwa msuluhishi, yaani mtu mnayemchagua wenyewe awaamulie badala ya hakimu, kama mlivyokubaliana. Anatakiwa aombe mapema, kabla hajajibu madai yenyewe. Akiwahi, mahakama husimamisha, isipokuwa makubaliano hayo ni batili au hayatekelezeki. Wewe utakuwa umeshalipa ada na wakili, na hakuna aliyegusa hata hati moja ya mzigo wako. Mdaiwa mjanja anaitaka sana njia hiyo, maana inampa muda. Roho huniuma kuona mtu mwenye ushahidi safi akipoteza mwaka kwenye ubishi wa wapi pa kusikilizwa.

Kwa hiyo anza na barua. Taja mkataba, kila mzigo na tarehe yake, kiasi unachodai, kisha useme wazi kwamba kwa kifungu cha 14 unaitisha usuluhishi na unapendekeza msuluhishi fulani. Itume kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, si kwa meneja unayemjua. Wasainishe kwenye dispachi, daftari la kuthibitisha barua imepokelewa.

Halafu ukomo, yaani muda wa mwisho wa kudai: madai ya mkataba ni miaka 6, na saa hiyo inatembea hata kwa usuluhishi. Barua ya kudai tu, isiyoitisha usuluhishi, haiisimamishi. Wao wakikiri deni kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha, hapo hesabu inaanza upya. Una chochote cha namna hiyo?

Mpasuaji wa Mafinga:
Shikamoo mzee, asante sana. Mhasibu wao alinitumia ujumbe wa WhatsApp: "Milioni 46 yako tunaitambua, tuvumilie." Barua yenye saini sina. Na huyo msuluhishi analipwa na nani? Mkataba hausemi wawe wangapi.

Karani Mstaafu, Iringa:
Marahaba. Huo ujumbe usiufute, na simu hiyo usiiuze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Ila kwa ukomo usiutegemee, fuata tarehe za mizigo.

Mkataba usipotaja idadi, anakuwa msuluhishi mmoja. Hilo ni nafuu kwako, kwa sababu wasuluhishi hulipwa na nyinyi wenye mgogoro, tofauti na hakimu. Watatu kwa deni la milioni 46 wangekula mbao zako zote. Pendekezeni mtu anayeijua biashara ya mbao, akae Iringa au Mbeya, mtumie Kiswahili, na msikilizwe sehemu moja bila safari za Dar.

Uamuzi wake unaitwa tuzo. Wakikataa kulipa, unaipeleka mahakamani itambuliwe, kisha inakazwa, yaani inatekelezwa kwa nguvu, kama hukumu, hata kwa dalali wa mahakama. Kuipinga si kurudia kesi upya. Lazima waonyeshe, kwa mfano, kwamba msuluhishi hakuwa na mamlaka au mwenendo ulikuwa na kasoro kubwa.

Mama Viazi, Uyole:
Mimi nilidaiana na mnunuzi wa viazi, mkataba wetu haukuwa na usuluhishi, tukaenda mahakamani. Huko nako tulipelekwa kwanza kupatanishwa, na siku hiyo ndiyo tulimaliza. Tulikubaliana alipe kwa awamu, ikaandikwa kuwa amri ya mahakama. Swali, mzee: baraza la kata lisingemfaa huyu kaka? Liko karibu.

Karani Mstaafu, Iringa:
Halimfai, mama. Baraza la kata ni la migogoro ya ardhi, na tangu marekebisho ya 2021 hata hiyo linapatanisha tu, haliamui. Lakini la awamu umenena vema. Kijana, kwenye barua weka pendekezo la awamu. Wakikubali, liandikwe, wasaini wenye mamlaka ya kampuni, na deni lote litajwe humo kwa tarakimu na kwa maneno.

Mpasuaji wa Mafinga:
Nimeelewa. Hati za mizigo natoa nakala leo, nakala halisi zinabaki kwangu. Wakili nitamwomba aandae barua ya kifungu cha 14 badala ya hati ya madai, na Jumatatu naipeleka Mbeya mwenyewe.