Kipepeo anatoka na mabawa yaliyokunjamana, tatizo ni chombo au chakula?

Kiwavi_Kijani:
Wadau, naomba msaada. Nafuga viwavi wa mlimau, wale ambao wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege na wakikua huwa kijani. Wapo kwenye ndoo ya plastiki yenye kimo cha sentimita 20, mdomoni nimefunika chandarua. Wanakula vizuri na wanageuka pupa (hatua ya kutulia ndani ya gamba kabla ya kuwa kipepeo) bila shida, lakini baadhi ya vipepeo wanatoka mabawa yamekunjamana na hayanyooki. Pupa nyingine zinageuka nyeusi na hakitoki kitu. Halafu kuna moja imeanguka chini. Niiache hapo hapo?

Mabawa_Manne:
Mkuu, anza na hiyo ndoo. Kipepeo anapotoka, mabawa yake ni madogo, laini na mabichi. Hupanda haraka akatafute pa kuning'inia, kisha husukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa. Yananyooka ndani ya nusu saa hivi, ila yanahitaji saa kadhaa kukauka na kukakamaa. Sasa plastiki inateleza, makucha hayashiki, anaanguka. Mabawa yakikauka kabla ya kunyooka, basi, hayatanyooka tena.

Aina hii ni kubwa, mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 10 na zaidi, kwa hiyo kila pupa iachiwe nafasi ya kutosha pembeni na chini yake. Kizimba cha kitambaa chenye upana wa sentimita 40 na kimo cha 60 kinafaa sana. Kama huna, tandika kitambaa cha wavu ndani ya ndoo kuanzia chini hadi juu na usimamishe vijiti vyenye magome.

Ukikuta ameanguka na mabawa bado laini, mwekee kijiti mbele ya miguu apande mwenyewe. Usiyavute mabawa hata kidogo. Na ukiona matone mekundu au ya kahawia chini yake usishtuke, si damu. Ni taka zilizokusanyika tumboni alipokuwa pupa.

Jani_Changa:
Naongezea kuhusu weusi, maana watu hutupa pupa nzima kwa kudhani zimekufa. Siku moja hivi kabla ya kutoka, gamba huwa jembamba na unaona michoro ya mabawa kwa ndani. Huo ni weusi mzuri. Mbaya ni ule usio na michoro, pupa imelegea au inanuka. Hiyo iondoe siku hiyo hiyo.

Ukiona vitundu vidogo kwenye gamba, ni kazi ya nyigu wadogo sana. Wapo wanaotaga ndani ya pupa ikiwa bado laini, na chandarua cha kawaida hakiwazuii kwa sababu matundu yake ni makubwa kwao. Tumia kitambaa chembamba cha pazia. Kuna pia inzi wanaotaga kwa viwavi, ndiyo maana ni afadhali kuokota mayai kuliko viwavi wakubwa wa nje.

Majani nayo: mti uliopuliziwa dawa ya wadudu usiukaribie. Dawa nyingine hupita ndani ya jani lenyewe, hata ukiosha haitoki. Kiwavi aliyekula sumu hutetemeka na kutapika maji ya kijani. Matawi yaweke kwenye chupa ndogo ya maji, mdomo uzibe kwa pamba, la sivyo viwavi watashuka humo na kuzama. Kinyesi toa kila siku, kikikaa na unyevu huota ukungu.

Uzi_wa_Hariri:
Pupa iliyoanguka usiiache. Subiri siku nzima tangu igeuke ili gamba likakamae, kwa sababu ikiwa laini hata kidole kinaijeruhi. Viwavi wa mlimau hukaa pupa kichwa kikiwa juu, mkia umeshikizwa na uzi wa hariri umezunguka kiuno. Kwa hiyo kunja karatasi ngumu isiyong'aa iwe koni, tumbukiza mkia chini, kichwa kibaki nje, kisha bana koni ikiwa imeegemea ukuta wa kitambaa. Akitoka atapanda moja kwa moja.

Zile aina zinazoning'inia kichwa chini, mfano vipepeo wa kundi la Danaus, hazifai kwa koni. Funga uzi kwenye kikonyo cheusi cha mkiani na uzitundike. Ukitumia gundi ya moto, isiguse mwili.

Halafu kiwavi akiharisha na kuanza kutangatanga, haumwi. Anatafuta pa kugeuka pupa, mwekee vijiti. Na aliyetulia siku nzima bila kula huenda anajivua ngozi, usimbandue.

Kiwavi_Kijani:
Nashukuru sana, nabadilisha kizimba leo. Akishanyooka nimpe chakula gani?

Mabawa_Manne:
Saa za mwanzo hahitaji kitu. Mrija wake wa kunyonyea hutoka ukiwa vipande viwili, anaukunja na kuukunjua mpaka viungane, mwache amalize. Mabawa yakishakakamaa mwachie mchana, pasipo mvua. Ikinyesha, mwekee kipande cha chungwa lililoiva sana, au pamba iliyolowa sukari kijiko kimoja kwa maji vijiko tisa. Pamba ibadilishe kila siku, isichache.