Mjadala: Anayefakamia chakula bila kuweza kujizuia ni mlafi, mraibu au mgonjwa?

Mleta mada:
Wadau, juzi msibani mama mmoja alimwambia mdogo wangu mbele za watu: "Mwanangu, ulafi huo punguza, bonge lote hilo!" Watu wakacheka, naye akacheka. Usiku nikamkuta jikoni gizani, anakula kiporo cha wali na chapati juu yake, haraka haraka, machozi yanamtoka. Haikuwa njaa ya kawaida. Kutwa nzima alikuwa amejinyima.

Naona tunachanganya mambo. Kufakamia kwa namna ile ni ugonjwa unaotambulika. DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliupa nafasi yake mwaka 2013: mtu anakula kingi mno kwa muda mfupi, anahisi hawezi kujizuia, angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, na humwachia majonzi. Uzito si kigezo. Mwembamba anaweza kuwa nao, na wanene wengi hawana. Uraibu wa chakula haumo humo, ingawa watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa dodoso la kuupima tangu 2009. Kumwita kila mnene mraibu ni kumsingizia.

Mchangiaji:
Pole kwa mdogo wako, kaka, lakini hapo kwenye uraibu napinga. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti: wiki 2 vyakula vilivyosindikwa sana, wiki 2 visivyosindikwa, kila mtu ale atakavyo. Sukari, mafuta na chumvi vilivyoandaliwa viliwekwa sawa pande zote mbili. Bado kwenye vile vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo 1. Mimi nikifungua pakiti ya biskuti siachi hadi iishe. Muhogo wa kuchemsha haujawahi kunifanya hivyo. Tukilikataa neno uraibu, lawama zote zinabaki kwa mlaji na wenye viwanda wanapeta.

Mleta mada:
Kwenye viwanda tuko pamoja, dada yangu. Wabanwe. Ila utafiti huo unaonyesha chakula kinachomfanya hata mtu mzima wa afya azidishe bila kujua. Uraibu haukupimwa pale. Wasiwasi wangu uko kwenye tiba. Mlevi tunamwambia aache pombe kabisa. Huyu tumwambie aache nini? Akikatazwa wanga wote, ni wiki tu atarudi jikoni gizani, maana kujinyima ndiko kunakomsukuma. Tiba ya kisaikolojia ya ugonjwa huu huanza kinyume chake: kula kwa saa zinazoeleweka, milo 3 na vitafunio katikati, hata siku aliyofakamia. Sasa wewe unayetaka aitwe mraibu, kesho asubuhi ungempa chai na nini?