Michoro yangu ya majira ya vuli inawaka rangi lakini haina uhai: ninakosea wapi?

NjiaYaMajani anauliza:

Wapendwa wachoraji, nawasalimu nyote. Ninachora mandhari kwa mwaka wa 4 sasa, mara nyingi kwa akriliki na mara chache kwa rangi za maji. Mwaka huu nilipata bahati ya kusafiri katika nchi yenye majira manne wakati miti ilipokuwa inapukutisha majani, na kwa siku 6 nilitembea kando ya mto uliopakana na msitu, nikisimama karibu kila hatua kwa sababu kila nilipogeuka niliona kitu kilichostahili kuchorwa. Nilipiga picha nyingi kwa simu, nikarudi na shauku kubwa, nikachora maturubai 5 mfululizo.

Maturubai hayo hayaniridhishi. Nimetumia manjano, rangi ya chungwa na nyekundu kama nilivyoziona kwenye picha, tena nikazipaka jinsi zinavyotoka kwenye tyubu ili zisipoteze nguvu, lakini nikizitundika kazi hizo ukutani zinafanana na kalenda: zinachosha macho kabla mtazamaji hajaingia ndani ya mandhari yenyewe. Kinachonishangaza ni kwamba siku ya mwisho, nikisubiri basi huku mvua ya rasharasha ikinyesha, nilichora kwa rangi za maji benchi lililolowa na majani machache yaliyogandamana juu yake. Kazi hiyo ndogo haikunichukua hata robo saa, na kila anayeiona husema anasikia baridi.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, nizitendeje rangi hizi kali ili ziwe na uhai? Pili, je, inawezekana kweli kuchora mandhari ya safari ukiwa umekwisha kurudi, au mandhari ya vuli ni lazima yachorwe palepale mtu aliposimama?

KibaoChaRangi anajibu:

Ndugu NjiaYaMajani, jibu la swali lako la kwanza unalo tayari katika daftari lako. Lile benchi lililolowa lina kitu ambacho maturubai yako 5 hayana, nacho ni kijivu. Jani la manjano huonekana linawaka likikaa karibu na kitu kilichotulia. Ukilizungushia rangi nyingine zinazowaka, yote hulingana na hakuna linalosikika.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za hapo zilikuwa zimefifia. Alipozichunguza aligundua kwamba weusi wake haukuwa na kasoro. Rangi zilizofumwa jirani nao ndizo zilizoufanya uonekane dhaifu. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1839, na wachoraji waliokuja baadaye walikisoma kwa makini. Kwa mchoraji wa vuli maana yake ni hii: rangi ya chungwa huimarishwa na buluu iliyo kando yake, hata ikiwa ni buluu iliyofifia ya kivuli, kuliko inavyoimarishwa na tone jingine la rangi ya chungwa.

Utazame kwa utulivu mchoro wa Mrusi Isaac Levitan wa mwaka 1895 uitwao kwa Kiswahili "Vuli ya Dhahabu", uliohifadhiwa katika jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow. Watu huukumbuka kwa sababu ya ile miti ya mibetula yenye majani ya manjano, lakini ukiuangalia vizuri utaona kwamba kuna mto wa buluu nzito unaokata katikati ya uwanda, kuna nyasi ambazo bado zina ukijani, na kuna anga pana lenye mawingu. Manjano ile inang'aa kwa sababu imepewa nafasi ya kupumua.

Sasa tuje kwenye kibao chako cha kuchanganyia rangi. Changanya buluu ya ultramarini na siena ya kuchomwa, yaani kahawia yenye wekundu, upate kijivu ambacho unaweza kukivuta upande wa ubaridi au upande wa joto kwa kuongeza moja kati ya hizo mbili. Kijivu hicho kitakufaa kwa magome, ukungu, barabara, maji na sehemu kubwa ya majani yenyewe. Ndiyo, majani yenyewe. Wengi wetu hudhani jani la manjano likiingia kivulini hubaki manjano iliyotiwa giza, kwa hiyo tunatia nyeusi, kisha tunashangaa kwa nini mti umegeuka kijani chafu. Manjano ikichanganywa na nyeusi huelekea kwenye kijani. Tumia kahawia au zambarau kidogo badala yake. Tena kumbuka kwamba kivuli cha nje siku ya jua hupokea mwanga wa anga la buluu, hivyo yale majani yaliyo upande usiopigwa na jua hupoa na kutulia.

Fanya zoezi moja kabla ya kugusa turubai jingine. Lowesha jani lililokauka, uliweke juu ya ubao karibu na dirisha, kisha ulitazame kwa dakika nzima. Utaona kwamba sehemu kubwa ya uso wake imebeba mwanga wa anga, nayo ni kijivu cheupe. Rangi yake halisi imebaki ukingoni na karibu na kikonyo, mahali ambapo jani limejikunja likakwepa mng'ao. Chini yake kuna mstari mwembamba wa giza, na mstari huo ndio unaolilaza jani juu ya ubao. Ukiusahau, jani litaelea hewani. Ulipochora benchi lako kwa haraka chini ya mvua uliyaona yote hayo bila kujiuliza. Ulipochora mto ulikuwa unachora wazo la vuli.

DaftariLaSafari anajibu:

Nakubaliana na KibaoChaRangi, nami nitajikita katika swali la pili, kwa kuwa nimehangaika nalo kwa muda mrefu.

Inawezekana kuchora baada ya kurudi, na ushahidi upo. Jasper Cropsey, Mmarekani, alichora mandhari yake makubwa ya vuli kwenye Mto Hudson mwaka 1860 akiwa London, ng'ambo ya bahari. Watazamaji wa Uingereza, ambako vuli haina wekundu wa namna ile, walitilia shaka rangi zake, na inasimuliwa kwamba alionyesha majani halisi kutoka Marekani kando ya mchoro ili waamini. Alitegemea michoro ya awali na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ilikuwa imejengwa kwa miaka mingi ya kukaa nje na kutazama.

Picha ya simu haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Simu mara nyingi hulazimika kuchagua kati ya anga na ardhi: ikilihifadhi anga, vivuli huwa shimo jeusi, ikivihifadhi vivuli, anga huungua likawa jeupe. Isitoshe, simu nyingi huongeza ukali wa rangi zenyewe kabla hujaiona picha. Kwa hiyo uliponakili picha zako ulinakili ukali uliokwisha kuongezwa, kisha ukaongeza wa kwako. Mimi huitumia picha kwa umbo pekee: matawi yalivyogawanyika, ukingo wa mto ulivyopinda. Kwa rangi sitegemei kitu isipokuwa daftari.

Katika daftari hilo sichori mandhari kamili. Nachora mstatili mdogo kama kadi, nautia maeneo matatu au manne ya mwanga na giza kwa penseli, kisha pembeni napaka vidoa vya rangi na kuandika maneno karibu na kila kidoa: "maji yana giza kuliko anga", "ukijani bado upo chini ya mti", "ukungu umeanzia magotini". Naandika pia saa na upande jua lilipo. Mchoraji Mwingereza John Constable alipokuwa akichora mawingu huko Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822 aliandika nyuma ya karatasi zake tarehe, saa na hali ya upepo, nami naamini ndiyo maana mawingu yale bado yanatembea hadi leo.

Ukitaka kubeba rangi za mafuta safarini, mtazame Tom Thomson wa Kanada. Alikuwa akienda katika hifadhi ya Algonquin na vibao vidogo vya mbao, vingi vikiwa na kimo cha sentimita 21 hivi kwa 27, akimaliza kibao kimoja kwa mkao mmoja. Baadhi ya vibao hivyo alivikuza baadaye kuwa maturubai makubwa. Udogo ulimlazimisha kuchagua: kwenye sentimita 21 hakuna nafasi ya kila jani, kuna nafasi ya mti mzima kama doa moja lenye mwelekeo.

MtiMmoja anajibu:

Wenzangu wamesema vizuri, ila ninapingana nao katika jambo moja. Mmemweleza mwenzetu jinsi ya kuziokoa picha za safari. Mimi ningemshauri aziweke kando kwa muda na atoke nje mahali anapopita kila siku. Safari hukupa mshangao, na mshangao hukufanya uchore kila kitu kwa sauti moja. Njia uliyoizoea hukuonyesha tofauti ndogo, kwa sababu unajua ilivyokuwa jana.

Mimi huchagua mti mmoja na kuuchora kila wiki majira yanapobadilika, kwa muda usiozidi nusu saa. Ndipo nilipoelewa kwamba vuli ni mwendo. Siku zinapofupika na ubaridi kuingia, klorofili iliyokuwa inalifanya jani kuwa kijani huvunjika, na manjano iliyokuwamo tangu mwanzo hujitokeza. Wekundu, kwa upande wake, hutengenezwa wakati huohuo kutokana na sukari iliyomo ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia kuganda. Ukilijua hilo hutaupaka mti mzima rangi moja. Utaona upande unaopigwa na jua umetangulia, na ndani karibu na shina ukijani bado umeng'ang'ania. Kisha majani huanguka, na matawi ambayo hukuwa ukiyaona yanajitokeza kama mifupa ya mkono.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliirudia miti ileile ya mipopla ya kando ya Mto Epte, Ufaransa, mwaka 1891, kuanzia kiangazi hadi vuli. Mipopla hiyo ilipopangwa kuuzwa ikatwe, alimlipa mfanyabiashara wa mbao ili iachwe imesimama hadi amalize. Alikuwa na maturubai kadhaa kwa wakati mmoja, akibadilisha kila mwanga ulipobadilika. Hakuihitaji safari nyingine. Aliihitaji miti ile.

NjiaYaMajani anarudi:

Nawashukuru kwa dhati. Nimelifanya zoezi la jani, na kweli lile eneo la kijivu lilikuwa kubwa kiasi cha kunitia aibu, maana kwenye maturubai yangu halipo kabisa. Jana nimechukua turubai moja la mto nikapaka kijivu baridi juu ya theluthi mbili ya miti, nikaacha manjano kamili kwenye tawi moja tu linaloinamia maji. Kwa mara ya kwanza mto umerudi nyuma ukakaa mahali pake. Hata hivyo kijivu kilipokauka kilikuwa kizito kuliko nilivyokusudia. Nimekosea kipimo?

KibaoChaRangi anajibu:

Hukukosea kipimo. Akriliki hukauka ikiwa na giza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, tofauti na rangi za maji ulizotumia kwenye benchi, ambazo hukauka zikiwa nyepesi. Changanya kijivu chako hatua moja kuelekea weupe, kipake kidoa kwenye kipande cha karatasi, ukiache kikauke kabisa, kisha ukisogeze karibu na turubai kabla ya kuendelea. Na kama unatumia alizarini, ile nyekundu iliyokolea, ya aina ya zamani, usiitegemee kwenye kazi utakayoitundika karibu na dirisha, kwa sababu hupauka kwa mwanga. Tafuta tyubu iliyoandikwa kwamba rangi yake ni ya kudumu. Lile tawi moja liache kama lilivyo.