Iliki inanukia kwenye bakuli, ikitoka kwenye oveni haipo. Nifanyeje?

Mama Keki wa Ngamiani (Tanga)

Assalaam alaykum, na habari za jioni wapishi wenzangu.

Nina jambo linaninyima raha. Huu ni mwaka wa pili naoka keki nyumbani na kuuza vipande. Ladha ninayoipenda kuliko zote ni iliki, nimekua nayo. Marehemu mama alikuwa akioka keki ya iliki kila Idd kwenye jiko la mkaa, moto kidogo chini ya sufuria na makaa yamejazwa juu ya mfuniko, na sisi watoto tukirudi kuswali tunaisikia harufu tangu kwenye kona ya mtaa. Haikuwa na krimu wala pambo. Pembeni ilikuwa kahawia, ukiimega inatoa mvuke, na ndani unakutana na chengachenga nyeusi za iliki unazitafuna.

Yangu haiko hivyo. Nikikoroga, nyumba nzima inanukia. Nikiitoa kwenye oveni baada ya dakika 45, ni keki tamu tu isiyo na jina. Wiki iliyopita mteja wangu wa siku zote alimaliza kipande kizima kisha akaniuliza, "Leo umeweka ladha gani?" Nilikosa la kumjibu.

Vipimo vyangu ni unga gramu 250, siagi 200, sukari 200, mayai 4, maziwa robo kikombe na beking pauda vijiko vidogo 2. Iliki naweka kijiko kidogo kimoja, ile iliyosagwa ya kifuko. Nilipoona haisikiki niliongeza hadi vijiko vikubwa viwili, keki ikawa chungu kama dawa ya kikohozi. Arki ya vanila naweka kifuniko kimoja kukata shombo la mayai. Moto nyuzi 180.

Jumamosi nina keki tatu za arubaini ya mtoto wa jirani. Mama mtoto hataki krimu, anataka ladha za kwetu. Iliki lazima iwemo. Hizo mbili nyingine niweke nini? Nyinyi mnapenda ladha gani, na mnaitiaje hata ikapita kwenye moto salama?

Bibi wa Mwembetanga (Unguja)

Waalaykum salaam mwanangu. Pole, lakini nilipofika kwenye neno "kifuko" nikajua tatizo lilipo.

Iliki ikishasagwa haina maisha. Harufu yake ni mafuta yaliyomo ndani ya zile punje nyeusi, na ganda ndilo linaloyatunza. Ganda likishavunjwa, mafuta yanaruka kila siku mpaka yaishe. Tena ile ya vifuko mara nyingi husagwa pamoja na maganda yake, kwa hiyo sehemu ya unga ule ni makumbi. Ndiyo maana ulipoongeza ulipata uchungu, harufu hukuipata.

Kanunue iliki nzima. Uko Tanga, iliki inalimwa hapo juu Amani, usikubali kuuziwa iliyopauka. Chagua ya kijani, iliyofumba, ukiiminya kwa kucha inukie mkononi. Kwa keki yako chukua 12, toa punje, zitie kwenye kinu pamoja na vijiko viwili vya sukari kutoka kwenye hiyo gramu 200 yako, utwange. Sukari inazikwaruza punje na kuyashika mafuta yake. Usitwange mpaka ikawa vumbi. Hizo chenga alizokuwa akikuachia mama yako hakuziacha kwa uvivu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usiimwage kwenye unga mkavu. Yeyusha samli vijiko vitatu kwa moto mdogo, isichemke. Epua, tia iliki yako, funika, iache ipoe mpaka ianze kuganda. Halafu ichanganye na siagi nyingine, nayo uipunguze kiasi hichohicho, upige na sukari kama kawaida. Harufu ya iliki inashikwa na mafuta, maji hayaiwezi. Ikiwa imelala ndani ya samli haitoki na mvuke kwa urahisi.

Ukitaka kuamini, tazama mapishi yetu ya zamani. Vileja ni unga wa mchele na samli. Mkate wa kumimina ni mchele uliolala majini usiku kucha ukasagwa na tui zito. Ukishaumuka, unatia ute wa yai, unamimina kwenye mafuta yaliyokwishapata moto, na baadaye unaupa moto wa juu. Iliki ya mle haijawahi kunipotea hata siku moja, kwa sababu tui lenyewe ni mafuta. Kwa kweli ukinipa kuchagua, keki naiacha, nakula mkate wa kumimina ukiwa bado vuguvugu, ule upande wa chini ulioshika rangi.

Karafuu usiikimbilie kwa kuwa tu ni ya kwetu. Mbili zinatosha keki nzima. Ukizidisha utasikia ganzi kwenye ulimi.

Maganda ya iliki usitupe, yatie kwenye birika la chai.

Fundi wa Makadara (Mombasa)

Naunga mkono bibi kwa kila neno, ila naongeza mawili.

La kwanza ni moto. Oveni ndogo za nyumbani zinadanganya. Yangu nikiiweka 180, kipimajoto nilichokining'iniza ndani kilisoma 205. Keki iliyopita kiasi hunukia mayai, na hilo shombo ndilo wengi wetu tunalipiga vita kwa kumimina arki. Shusha hadi 165, ioke dakika 50 hadi 55, uanze kuchokonoa na kijiti ikifika 45. Utaona shombo limepungua bila ya arki.

La pili ni ladha ninayoipenda mimi, ambayo ni chungwa. Na wewe una machungwa ya Muheza mlangoni, wengine tunakuonea wivu. Ladha ya chungwa haimo kwenye maji yake. Imo kwenye ngozi ya nje, kwenye vile vifuko vidogo vya mafuta vinavyokurukia machoni ukimenya. Kwaruza kwa upande mwembamba wa kikwaruzio, machungwa mawili, uguse ngozi tu, ile nyeupe ya chini usiifikie maana ni chungu. Tia kwenye sukari uifikiche kwa ncha za vidole dakika mbili tatu, mpaka sukari iwe kama mchanga wenye umande. Hapo ndipo utapiga na siagi. Maji ya chungwa yachemshe, nusu kikombe kibaki vijiko viwili vitatu, tia sukari kidogo, uinyweshe keki ikiwa moto.

Keki ya tatu weka nazi. Usitie mbichi, haitasikika. Kuna, kamua tui la kwanza utumie badala ya maziwa, kisha yale machicha yakaange makavu kwenye karai, mkono usipumzike, hadi yawe rangi ya chai ya maziwa. Kikombe kimoja kwa keki. Nazi iliyokaangwa na ile mbichi ni kama vitu viwili tofauti.

Mjukuu wa Vanila (Bukoba)

Naona vanila inasingiziwa hapa, naomba niitetee. Hiyo ya chupa ya bei rahisi ni harufu moja tu iliyotengenezwa kiwandani. Vanila yenyewe inatoka shambani, na nyumbani kwetu inapanda kwenye miti pembeni ya migomba.

Ua lake linafunguka siku moja. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulifanyia kazi, kwa hiyo asubuhi unapita na kijiti chembamba, unainua kile kingozi katikati ya ua, unabonyeza chavua kwa kidole gumba, unakwenda kwenye ua jingine. Ukilala siku hiyo, ua limekufa. Njia hiyo aliigundua kijana wa miaka 12, Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841. Podo, yaani tunda lake, linakaa kwenye mti kama miezi tisa, na likivunwa halinuki chochote mpaka lipitie maji ya moto, kufunikwa litoe jasho, na kuanikwa kwa wiki nyingi. Bibi yangu alikuwa akiyapapasa moja moja kila jioni kabla ya kuyafunga kwenye blanketi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anaitumia kufukuza shombo tu, inaniuma.

Wengi huloweka podo kwenye pombe kali. Kwa asiyetumia pombe, pasua podo moja kwa urefu, kwangua zile mbegu, tia vyote kwenye maziwa ya moto, funika saa moja. Podo tupu lioshe, likauke, lifukie kwenye kopo la sukari. Baada ya wiki mbili sukari yote inakuwa vanila. Lakini kwenye keki ya iliki usiitie. Kila moja inataka kuongea peke yake. Nina mapodo matatu naweza kukutumia kwa basi, ila kwa Jumamosi hayatawahi.

Mzanzibari wa Maskati

Nimepita tu. Mkitaka maji ya waridi, yasiingie kwenye oveni, yanaruka yote. Sisi tunayanyunyiza keki ikishatoka, au tunayatia kwenye shira ikishapoa. Ya Jabal Akhdar, milimani huku Oman, yanayopikwa kwa moto wa kuni yana rangi ya chai na harufu ya moshi kwa mbali, hayo kijiko kimoja tu. Zafarani iloweke humohumo robo saa kabla.

Mama Keki wa Ngamiani (Tanga)

Nimerudi na taarifa, leo Jumapili.

Jumatano nilifanya jaribio. Iliki ileile, nimeitwanga mwenyewe, keki mbili ndogo, moja iliki nimeitia kwenye unga, nyingine kwenye samli kama bibi alivyosema. Zote zilinukia kuliko za zamani, lakini nilipomfumba macho binti yangu akaonja, alinyoosha kidole kwenye ya samli bila kurudia. Kesho yake tofauti ilizidi. Ile ya unga ilikuwa imeanza kunyamaza, ya samli ilikuwa ndiyo kwanza inasema.

Chungwa la kwanza nililiharibu, nilikwaruza kwa nguvu nikafika kwenye nyeupe, keki ikaacha uchungu kooni. Ijumaa usiku nikarudia kwa mkono mwepesi, na sukari ikawa na umande kweli. Ya nazi ilikuwa nzito kidogo, nadhani tui langu lilikuwa zito mno, lakini ndiyo iliyokwisha mapema. Mama mzaa bibi wa yule mtoto alifunga vipande viwili kwenye kitambaa akaondoka navyo.

Kipimajoto nimeazima kwa mwenzangu. Oveni yangu ikiandika 180, ndani ni 200. Muda wote huo nilikuwa naichoma iliki ya watu.

Kipande kimoja cha iliki nilimwekea yule mteja aliyeniuliza. Leo asubuhi amepita, nikampa kikiwa kimefungwa kwenye karatasi. Hajamaliza kukunjua, akasema, "Hii iliki."

Mjukuu wa Vanila, yale mapodo matatu bado nayataka. Nauli ya mzigo nitalipa mimi. Na bibi, maganda yote yameishia kwenye chai.